Kupima Programu ya Wateja katika Yadi za Magari za Ngong Road

Programu ya usimamizi wa wateja ni mfumo wa kompyuta unaotunza mahali pamoja kumbukumbu za kila anayeulizia gari, anayelinunua na anayerejea baadaye, ili muuzaji yeyote aweze kuendeleza mazungumzo pale mwenzake alipoyaachia. Katika yadi za Ngong Road jijini Nairobi, jirani na mtaa wa Ayany, mazungumzo hayo aghalabu hubaki katika daftari na simu ya muuzaji, naye akihama huondoka nayo. Kwa hiyo programu mpya ipimwe kwa uwezo wake wa kubeba biashara ya Nairobi ilivyo, tangu ulizo la kwanza hadi mnunuzi anapokabidhiwa logibuku, yaani hati ya umiliki, wala si kwa wingi wa vipengele vinavyotangazwa.

Kipimo cha kuaminika ni kuchukua mauzo yaliyokwisha kukamilika, yakiwemo yaliyoleta utata, na kuyapitisha upya katika mfumo hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ni utambulisho wa gari. Magari mengi ya yadi hizo yametumika Japani, nayo hubeba namba ya chesesi ya soko la huko, ambayo ni fupi kuliko namba ya kimataifa yenye herufi na tarakimu 17. Programu iliyoundwa kwa soko la Marekani ikikataa namba hiyo, karani atalazimika kujaza tarakimu za kubuni, na kumbukumbu yote itakuwa imeharibika tangu mwanzo.

Hatua ya pili ni utambulisho wa mteja, ambao hutegemea zaidi namba ya simu. Namba ileile huandikwa kwa kuanzia 07 au +254, na nyingine siku hizi huanza na 01; mfumo usiojua kuzilinganisha utamhesabu mtu mmoja kuwa wateja wawili, na wauzaji wawili watamfuata kwa bei tofauti.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo nzito zaidi, ni malipo. Muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na jumla ya siku kwa akaunti moja haizidi 500,000. Hivyo malipo ya shilingi milioni moja kwa njia hiyo huhitaji miamala isiyopungua 4, ama kwa muda wa siku 2 kutoka simu moja, ama kutoka simu za jamaa mbalimbali. Mfumo usioweza kuunganisha miamala hiyo na gari moja na mnunuzi mmoja utamwacha mhasibu akirudi kwenye daftari.

Hatua ya mwisho ni sheria. Yadi hupokea nakala za vitambulisho na namba za mlipakodi, taarifa ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayodai pia kwamba uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hiyo mfumo lazima uonyeshe ni nani aliyefungua faili gani na lini, na mkataba ueleze data inahifadhiwa wapi na itarudishwaje yadi ikibadilisha mtoa huduma.

Mwenye yadi asitie saini mkataba kabla ya wauzaji na mhasibu wake kuupitisha mfumo katika hatua hizi zote nne, kwa maana programu inayoshindwa hata moja kati yake itamwongezea kazi badala ya kumpunguzia.