Chati ya ukuaji wa mbwa: siri iko kwa walioachwa nje

Uzito wa mtoto wa mbwa ukipimwa mara moja tu hausemi mengi. Katika umri wa wiki 12, kilo nne ni nyingi mno kwa Chihuahua na ni chache mno kwa Labrador. Hata Labrador wawili wazima wa afya hupishana, kwa kuwa mmoja ana asili ya umbo kubwa na mwenzake umbo dogo. Kinachofaa kutazamwa ni mwendo wa uzito huo wiki hadi wiki, na mwendo hauna maana bila mistari ya kuulinganisha nayo, kama ile iliyopo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Mistari ya namna hiyo kwa mbwa ilitangazwa mwaka 2017 na watafiti wa kituo cha WALTHAM, Uingereza, pamoja na wenzao. Walianza na kumbukumbu za mbwa wachanga zaidi ya milioni 6 waliopimwa katika mtandao wa hospitali za wanyama nchini Marekani. Kazi ngumu haikuwa kuzikusanya, bali kuzichuja. Mbwa wa kufugwa nyumbani wengi ni wanene. Wastani wa wote ungeufanya unene uonekane ndio hali ya kawaida. Kwa hiyo walibakizwa wale tu waliokuwa na afya njema na umbo linalofaa katika miaka yao mitatu ya mwanzo. Chati ikawa haielezi mbwa walivyo, bali wanavyopaswa kuwa.

Zilichorwa chati zaidi ya 100, kwa aina ya mbwa, jinsia, na kama mnyama amehasiwa au la. Hapo yakaonekana mambo mawili yaliyorahisisha kazi. Kuhasiwa kabla ya wiki 37 kulipandisha mstari kidogo, na baada ya hapo kulishusha kidogo, lakini tofauti hiyo ilimezwa na tofauti ya kawaida kati ya mbwa na mbwa. Pili, aina zenye ukubwa unaokaribiana hukua kwa mwendo unaofanana. Chati zikapunguzwa hadi makundi matano ya uzito wa utu uzima, la kwanza likiwa la mbwa wasiofika kilo 6.5 na la mwisho la kilo 30 hadi 40.

Matumizi yake ni mepesi: mbwa hupimwa kwa mizani ileile, nukta huwekwa, nukta huunganishwa. Akiwa juu au chini si hoja, mradi afuate njia yake. Akianza kupanda na kukata mistari, mara nyingi bakuli limezidi. Akishuka, huenda ni minyoo, ugonjwa au chakula haba. Mkono nao haustaafishwi na chati: mbavu zipapasike kwa urahisi chini ya mafuta kidogo, na kiuno kionekane mbwa akitazamwa kutoka juu.

Mipaka ipo. Kundi huchaguliwa kwa uzito unaotarajiwa ukubwani, jambo gumu kwa mbwa koko ambaye baba yake hajulikani. Great Dane na majitu wenzake, wanaozidi kilo 40, hawamo. Tena mistari huanzia wiki ya 12. Kabla ya hapo, hasa siku za kwanza za kunyonya, hubaki mizani ya jikoni na daftari, kila mtoto na safu yake.