Kosa Lilikuwa Kauntani, Si Ukutani

Mliokuwa sebuleni kwa shemeji yangu Jumamosi ile mliona mlichokiona: dakika ishirini za kelele, tundu lenye kina cha milimita nane tu, ncha ya biti imegeuka buluu kwa moto, na betri ya pili inaomba kupumzika. Wengi mlimcheka. Mimi sikucheka. Mkono wake haukuwa na kosa. Kosa lilitendeka siku mbili kabla, Kariakoo, mbele ya kaunta, na mimi nilikuwepo nikashindwa kulizuia.

Tulirudie tukio. Kauntani ziliwekwa mashine tatu. Ya kwanza, drili ya waya ya wati 650 yenye swichi ya nyundo. Ya pili, drili ya SDS ndogo ya waya, wati 800, boksi lake limeshika vumbi. Ya tatu ya betri, boksi linang'aa, biti kibao, na ubavuni mwa betri imeandikwa 88VF. Muuzaji akaichukua hiyo ya tatu na kuibonyeza hewani. Ikalia vizuri. Jamaa akanigeukia, macho yanawaka: "Shemeji, hii ina volti themanini na nane!" Kabla sijafungua mdomo, alikuwa anahesabu noti.

Hakuna volti 88 pale. Ukifungua tumbo la betri ya aina ile utakuta seli 5 zimeungwa mfululizo, kila moja volti 3.6. Zidisha: 18. Zikijaa pomoni kila seli hufika 4.2, na jumla ni 21. Ndiyo maana mashine ya 18, ya 20 na ya 21 mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja waliovaa mashati tofauti. Hiyo 88 yenye VF si kipimo cha volti, ni pambo. Na mwenye kununua pambo asilalamike likishindwa kutoboa.

Kisha lile la kubonyeza hewani. Nimelisema mpaka nimechosha watu, na leo nalisema tena: hewa haina kokoto. Tangu Duncan Black na Alonzo Decker wa Marekani walipopewa hataza ya drili yenye mshiko wa bastola mwaka 1917, kila mwanamume akiishika anajiona shujaa. Muuzaji anajua. Anakupa bastola, wewe unasahau kuuliza adui ni nani.

Na adui wa shemeji alikuwa lenta. Hapa ndipo penye uchungu wangu. Watu husema, "Mimi nataka ya nyumbani tu, kazi ndogondogo," wakidhani kazi ndogo ni kazi laini. Kazi ya kwanza ya nyumbani ni nini? Pazia. Bomba la pazia linakaa wapi? Juu ya dirisha. Juu ya dirisha kuna nini? Zege lenye nondo na kokoto, pagumu kuliko pengine pote kwenye ukuta. Tofali la saruji lililobaki hata drili dhaifu italipita. Kwa hiyo mwenye nyumba wa kawaida anaanzia kwenye mtihani wa mwisho.

Drili yenye swichi ya nyundo hugonga kwa visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana. Boksi litajisifu mapigo zaidi ya 40,000 kwa dakika, lakini kila pigo ni la kidole, na nguvu yake inategemea unavyosukuma. Ile ya betri ya shemeji nayo hugonga hivyohivyo, ndiyo maana mliona jasho. SDS, mfumo uliotoka Bosch mwaka 1975, ina pistoni ndani inayobana hewa na kurusha nyundo nyuma ya biti. Hugonga kama mara 4,000 tu, ila kila pigo lina uzito, nawe unaiongoza tu. Tena namba kubwa ndiyo iliyoshindwa.

Wapo watakaonijibu kwa hoja ya umeme kukatika. Jamani! Betri nayo inakula Luku ileile. Tundu la pazia linaweza kusubiri umeme urudi. Halisubiri mashine ipate nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

Tumtendee haki jamaa: alipima kwa pima maji, akaweka alama sawasawa, na biti ya milimita 6 ililingana na plagi zake za plastiki.

Lakini wazee wetu hawakununua hivi. Fundi wa majahazi aliyetoboa mbao kwa keekee, upinde ukienda na kurudi ili msumari usipasue ubao, hakuanza kwa kusifia keekee yake. Alianza kwa kuutazama mti. Zana ilifuata kazi. Sisi tumegeuza: tunanunua zana, kisha tunauomba ukuta uwe mpole.

Hukumu yangu ni hii. Nyumba ya tofali na lenta inataka SDS ndogo ya waya, yenye kuzungusha tupu, kuzungusha na kugonga, na kugonga tupu. Mbao na chuma, ifungie taya za kawaida; itacheza kidogo, vumilia. Ya betri iachie skrubu na kabati. Kwenye vigae zima nyundo. Na ukiwa Mji Mkongwe, kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zima kabisa, maana pale ukuta hauchimbiki, unamomonyoka.

Jumapili tuliazima SDS kwa jirani. Matundu manne yalikwisha kabla chai haijapoa. Basi wewe unayejiandaa kwenda dukani, usianze na boksi. Panda kiti, gonga ukuta juu ya dirisha lako, usikilize. Hapo ndipo drili inapochaguliwa.