Kipawa na Bei Yake: Jinsi ya Kuitambua Riwaya Bora ya Vijana Wenye Nguvu za Ajabu

Rafu za vitabu vya vijana zimejaa watoto wanaoona mizimu, wanaosogeza vitu kwa macho, wanaogeuka mbwamwitu usiku. Majalada yanafanana, na maelezo ya nyuma ya kitabu yanafanana zaidi. Mnunuzi anayetaka kutofautisha kazi ya fundi na kazi ya kulipua asibabaishwe na aina ya nguvu. Atafute mahali ambapo nguvu ile inamuuma mwenye nayo.

Kelley Armstrong, mwandishi wa Canada, alilielewa hilo alipoandika The Summoning (2008), kitabu cha kwanza cha trilojia ya Darkest Powers. Chloe Saunders ana miaka 15 na ndoto yake ni kuongoza filamu. Siku moja shuleni anatokewa na mzuka wa mfanya usafi aliyeungua uso. Anapiga kelele, anatimua mbio, na wakubwa wanaamua kwamba akili yake imeyumba. Anapelekwa Lyle House, nyumba ya vijana wenye matatizo, anaambiwa ana skizofrenia na kuanzishiwa vidonge. Mwandishi mvivu angemfanya afurahie siri yake kufikia sura ya tatu. Chloe anajitahidi kuamini kwamba anaumwa kweli, maana ugonjwa una dawa.

Kisha kuna tukio la chini ya nyumba. Chloe anaingia kwenye upenyo wenye giza kuita roho ili apate habari, anakaza nia kwa nguvu zake zote, na bila kujua anazirudisha roho hizo ndani ya maiti zilizozikwa pale. Maiti zinaanza kutambaa. Hofu ya msomaji inageuka huruma anapong'amua kwamba wanaoteseka zaidi ni wafu wenyewe, waliofungiwa tena katika miili iliyooza, na kwamba aliyewatesa ni mtoto asiye na nia mbaya. Ukurasa wa namna hiyo una thamani kuliko mapambano kumi ya radi na moto.

Cha pili cha kuangalia ni kama kanuni za kitabu cha kwanza bado zinafanya kazi katika cha mwisho. Twilight, mfululizo wa Stephenie Meyer ulioanza mwaka 2005, unajikwaa hapo. Katika Eclipse (2007) msomaji anaoneshwa kwamba mnyonya damu mpya hutawaliwa na kiu na ni hatari kwa kila aliye karibu naye. Bella, mhusika mkuu, anapogeuzwa mnyonya damu katika Breaking Dawn (2008), anajimudu tangu mwanzo. Wenzake wanashangaa, na mwandishi anatoa sababu, lakini deni lililoandikwa kwa vitabu vitatu limefutwa bila kulipwa.

Derek, kijana wa Armstrong anayegeuka mbwamwitu, hasamehewi hivyo. Mabadiliko yake yanaanza katika kitabu cha pili kwa homa, kutapika na misuli kujikunja, yanakatika katikati, na hayakamiliki hadi cha tatu. Anayetaka kupima mfululizo kwa haraka dukani afungue kitabu cha pili katikati. Udhaifu hujificha huko, kwa kuwa mshangao wa mwanzo umeisha na mwisho bado uko mbali.

Kwa kipimo hicho, ni wachache wanaomfikia Nnedi Okorafor. Akata Witch (2011) inamhusu Sunny Nwazue, binti wa miaka 12 mwenye ualbino, aliyezaliwa New York na kuishi Aba, Nigeria. Anapenda mpira lakini jua linamuunguza. Katika jamii ya siri ya Watu wa Chui, kile ambacho dunia ya kawaida huita kasoro ndicho chemchemi ya uwezo: rafiki yake Orlu, mwenye shida ya kusoma, ana kipawa cha kutengua uchawi wa wengine. Fedha yao, chittim, huanguka toka hewani pale mtu anapojifunza jambo, na za shaba zina thamani kuliko za dhahabu. Kwa kanuni hiyo moja Okorafor amejenga uchumi na maadili ya jamii nzima, bila hotuba.

Na bei inadaiwa. Katika kitabu cha pili, Akata Warrior (2017), Sunny anatumia uchawi kumwokoa kaka yake, Chukwu, dhidi ya genge la chuoni. Nia yake ni njema, sheria imevunjwa, na wakubwa wanamtupa katika chumba cha chini cha maktaba ya Obi, anakoishi jini. Baadaye anatenganishwa na Anyanwu, uso wake wa kiroho, na jeraha hilo halifichwi kwa plasta: katika Akata Woman (2022) wawili hao bado wanajifunza kuishi upya. Si ajabu kwamba vitabu hivyo viwili vilishinda tuzo ya vitabu vya vijana inayotolewa pamoja na tuzo za Hugo, mwaka 2018 na 2023.

Watu wazima nao wachunguzwe. Riwaya dhaifu huwaua wazazi mapema au huwafanya wajinga ili watoto wapate nafasi. Walimu wa Sunny ni werevu na wakali, na wanawatuma watoto hatarini wakijua huenda wasirudi. Msomaji ana haki ya kuwakasirikia.

Mwisho, litazamwe kundi lenyewe. Katika The Raven Boys (2012) ya Maggie Stiefvater, Blue Sargent hana uono hata kidogo katika nyumba ya wanawake watabiri. Anachofanya ni kukuza uwezo wa walio karibu naye, na bado hadithi isingesimama bila yeye. Kila kijana kundini apewe kazi ambayo mwingine hawezi kuifanya.

Anayeanza na Okorafor ajue kwamba Akata Witch ilichapishwa Nigeria na Cassava Republic kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Ni kitabu kilekile.