Vijitu vya Sukari na Zahabu ya Fizi

Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Marekani, Joshua Epstein na Robert Axtell, walitoa kitabu kiitwacho Growing Artificial Societies. Walichora ndani ya ordinateri uwanja wa vyumba 50 kwa 50, wakapanda humo sukari, wakaweka vijitu. Kila kijitu kina macho yake na njaa yake: chaenda panapoonekana sukari nyingi, chala, chaweka akiba, akiba ikiisha, chafa. Hakuna chifu, hakuna Leta, hakuna tribinali. Hata hivyo, baada ya muda vijitu vichache ni matajiri, vingi ni maskini.

Fundisho hili tusilidharau. Kijitu kilichozaliwa mbali na sukari, chenye macho mafupi, hufa ingawa kilihangaika mchana kutwa. Katekista apendaye kumwita kila maskini mvivu alifikiri neno hilo.

Lakini kasoro ipo. Waandishi waliongeza hata vita: mwenye nguvu anaua jirani na kutwaa mali yake, basi. Watu wana akili kupita hapo. Raúl Sánchez de la Sierra, katika uchunguzi wake juu ya mashariki ya Kongo uliotolewa 2020, alionyesha ya kuwa koltani ilipopanda bei mwaka 2000, wenye bunduki waliketi machimboni wakatoza kodi, kwa maana koltani ni nzito, haifichiki. Zahabu, kama ile ya Misisi kwetu Fizi, yafichika mfukoni. Kwa hiyo bei yake ikipanda, wanatoza vijijini, kule faida inakoliwa. Mwenye bunduki humwacha mchimbaji hai, apate kumkamua kesho. Kijitu cha sukari hakijui hesabu hiyo, kwa sababu mwenye ordinateri hakuiandika. Basi uwanja ule haukosi sheria. Mtunga sheria amejificha tu.

Na Baraka je? Leta ikidhoofika, soko halibaki tupu. Mwenye mtumbwi na wavuvi wanagawana ndagala kwa mapatano, wamama wana likelemba yao, wazee wa Kibembe wanakata maneno kwenye lubunga. Hata kizuizi cha barabarani kina bei yake.

Kitabu kisomwe, chafaa. Ila mseminari akiambiwa kwamba mahali fulani hapana sheria, asiitikie upesi. Aulize kwanza: sheria ya nani inafuatwa pale, na nani anakula kwayo?