Shujaa Asiye na Upinde: Jarida la Katuni la Shujaaz na Mipaka ya Fasihi Bora ya Kiswahili

Ikisari

Makala haya yanadai kwamba Shujaaz, jarida la katuni lililoanza kutolewa jijini Nairobi mwaka 2010, linastahili kusomwa na kuhakikiwa kama fasihi bora, si kama chombo cha kampeni za maendeleo tu. Hoja inajengwa kwa kulisoma jarida hilo sambamba na tendi mbili zinazoheshimiwa: Utendi wa Fumo Liyongo na Utendi wa Mwana Kupona. Mwishoni makala yanaonyesha kwa nini suala hili linaihusu Uganda kwa namna ya pekee.

1. Utangulizi

Kwa wananchi wengi wa Uganda wa rika la wazazi wetu, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, ya amri na ya vizuizi vya barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hofu hiyo haikupungua. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi hayo yamekifungulia Kiswahili mlango wa darasa. Hayawezi, hata hivyo, kukipa sauti ambayo kijana wa Kawempe au wa Gulu angeisikiliza kwa hiari yake. Kazi hiyo ni ya fasihi.

Swali basi ni: fasihi ipi? Tunapotaja fasihi andishi ya Kiswahili, tunataja riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Katuni huachwa nje ya orodha, ilhali wasomaji wa Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo kadhaa, na wale wa Tanzania walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, kisha wahusika wa jarida la Sani. Uganda nayo imechangia: James Tumusiime, aliyekuja kuanzisha kampuni ya Fountain Publishers jijini Kampala, ndiye aliyemchora Bogi Benda katika Daily Nation la Nairobi, ingawa kwa Kiingereza. Katika urithi huu mpana nimechagua Shujaaz kwa sababu ndilo linaloweka wazi zaidi pingamizi ambazo wahakiki huzitoa dhidi ya katuni, na ndilo linalozijibu vizuri zaidi.

2. Liyongo na Boyie

Msimulizi wa Shujaaz ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi. Anarusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake, na hewani anajulikana kama DJ B. Wahusika wengine, wakiwamo Maria Kim na Charlie Pele, wana hadithi zao ndani ya jarida hilohilo, lakini sauti ya Boyie ndiyo inayoziunganisha, kama fanani anayeita hadhira kabla ya hadithi kuanza.

Jina la jarida linahitaji kuangaliwa. Kiswahili sanifu kingesema mashujaa. Sheng imekiacha kiambishi cha mwanzo ikapachika sauti ya wingi mwishoni, kwa desturi ya Kiingereza. Lakini wingi wenyewe ndio hoja ya jarida: ushujaa si wa mtu mmoja aliyezaliwa na nguvu za ajabu, bali umetawanywa miongoni mwa vijana wa kawaida. Kwa mtazamo wa juujuu, huku ni kuachana kabisa na mapokeo ya shujaa wa Waswahili. Usomaji wa karibu unaonyesha kinyume.

Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo ni mtu wa kimo na nguvu zisizo na mfano. Hata hivyo, anapokuwa gerezani akingoja kuuawa, nguvu hizo hazimfai. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa wimbo wenye fumbo. Mama anaficha tupa ndani ya mkate. Na ngoma ya gungu inapovuma nje, Liyongo anakata minyororo bila kusikika. Katika kilele hicho cha utendi, shujaa haokolewi na upinde. Anaokolewa na ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo, na kazi iliyofichwa ndani ya kelele za ngoma.

Hiyo ndiyo mbinu ya Boyie. Hana upinde wala cheo; ana muziki, na chini ya muziki huo anapitisha maneno ambayo wenzake wanayahitaji. Sauti yake inafika kila mahali kwa kuwa uso wake hauonekani. Shujaaz halikuvunja mapokeo ya Liyongo; lilichukua kiini chake na kukipeleka katika mtaa wa jiji.

3. Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba jarida hili limeandikwa ili kufundisha, na kwa msaada wa wafadhili. Ni kweli. Lakini kama nia ya kufundisha inaiondoa kazi katika fasihi, itatubidi tumwondoe Mwana Kupona kwanza. Utendi wake wa mwaka 1858 ni nasaha za mama kwa binti yake kuhusu dini, adabu na maisha ya ndoa. Tunauheshimu kwa sababu nasaha hizo zimewekwa ndani ya tukio: mama ni mgonjwa, anamwita binti aketi karibu naye na wino na karatasi. Kila shauri linabeba uzito wa muda unaokwisha. Kigezo chetu, basi, si kama kazi inafundisha, bali kama fundisho limegeuka kuwa tukio, taswira na sauti.

Tukipime kigezo hicho kwa hadithi inayojulikana ya Shujaaz, ile ya vifaranga wanaopakwa rangi ili mwewe asiwatambue kuwa mawindo. Katika kijitabu cha kilimo, habari hiyo ingekuwa sentensi moja. Katika katuni, jicho linakutana kwanza na rangi isiyo ya kuku yeyote. Msomaji anacheka kabla ya kuelewa. Picha imetega kitendawili, maneno yanakuja kukitegua. Zaidi ya hapo, taswira hiyo inarudi kwa msimulizi mwenyewe. Kifaranga anapona kwa kubadili sura, na mtangazaji anapona kwa kuficha sura. Wote wawili ni wanyonge wanaomshinda mwenye nguvu kwa hila, kama Sungura wa ngano zetu, na kama Liyongo katika minyororo yake. Pale ambapo picha, fundisho na dhamira ya kazi nzima vinakutana katika fremu chache, hatuna sababu ya kusita kutumia neno fasihi.

Pingamizi la pili ni lugha. Shujaaz la Kenya limeandikwa kwa Sheng, na walimu wanahofia kwamba litaharibu Kiswahili cha wanafunzi. Hofu hiyo haidharauliwi, hasa Uganda, ambako mwanafunzi hana Kiswahili sanifu cha nyumbani cha kumrekebisha. Hata hivyo, Utendi wa Fumo Liyongo nao hauko katika Kiswahili sanifu. Tunausoma kwa msaada wa sherehe na maelezo ya lahaja, wala hatudai kwamba unapotosha sarufi ya wanafunzi. Sheng ikipewa sherehe yake, inaweza kuwa somo la namna lugha inavyoishi. Tena, jarida lilipofika Tanzania lilizungumza Kiswahili cha vijana wa huko: sanaa yake haikufungwa na msimbo mmoja.

Pingamizi la tatu ni kwamba halina mwandishi mmoja. Ni kazi ya timu ya waandishi, wachoraji na wahariri. Lakini Kijumwa alitunga utendi wake kutokana na masimulizi yaliyokuwa mali ya wengi. Jadi ya Kiswahili haijawahi kumhitaji mtunzi mpweke ili iitambue kazi bora.

Haya hayamaanishi kwamba kila toleo la Shujaaz ni bora. Yapo ambamo ujumbe unasimama uchi na wahusika wanageuka vipaza sauti vya kampeni. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji uhakiki: bila wahakiki wa kutenganisha pumba na mchele, matoleo mazuri yanazikwa pamoja na mabaya.

4. Utambuzi na sera

Kwingineko utambuzi wa aina hii si jambo geni. Maus ya Art Spiegelman ilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Shujaaz lenyewe limepata Tuzo ya Kimataifa ya Emmy, mwaka 2012 na tena 2014, lakini tuzo hizo ni za vyombo vya kidijitali. Zinalitukuza kama mradi uliofikia watu wengi. Kulitambua kama fasihi ni jukumu letu sisi wasomi wa Kiswahili.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, maktaba za vyuo vikuu, Makerere ikiwamo, zikusanye na kuhifadhi majarida ya katuni ya Kiswahili. Chapisho linalogawiwa bure ndani ya gazeti hufungiwa mandazi siku ya pili, na uhakiki hauwezekani pasipo matini. Pili, watunga mitaala wa Uganda wachague hadithi chache za katuni, zenye sherehe, zisomwe pamoja na sehemu za tendi, ili mwanafunzi amwone Liyongo na Boyie katika somo moja. Tatu, fedha zinazotengwa kwa vitabu vya Kiswahili ziwafikie wachoraji na waandishi wa Uganda pia.

5. Hitimisho

Kiswahili kilifika katika masikio ya wengi Uganda kikiwa sauti ya mwenye bunduki. Shujaaz linatuonyesha Kiswahili kingine: sauti ya kijana asiye na kitu, anayewafikia wenzake kwa ucheshi na hila. Tukiendelea kuiita sauti hiyo burudani ya kupitisha wakati, tutawafundisha watoto wetu kwamba fasihi ni ile tu wanayolazimishwa kuisoma, na sera ya mwaka 2022 itabaki kuwa amri nyingine.