Funga, Fungua, Futa

Singida mjini, steshenari ndiyo ofisi ya kila mtu. Hapo huchapwa barua za maombi ya kazi na mihtasari ya vikao vya vijiji. Dada anayechapa hana muda wa kutafuta kitu kwenye menyu. Anabonyeza Alt pamoja na herufi moja, dirisha linafunguka, mteja anayefuata anasogea. Herufi ile kuna mtu aliyekaa akaichagua, na ninamheshimu sana.

Wengi wakisikia habari za kuchangia programu huria hudhani ni lazima ujue kuandika msimbo. Kwa Mswahili anayeanza, mlango ulio wazi zaidi ni kutafsiri, na wapo waliotutangulia. Desemba 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Tazama ugumu wenyewe ulivyo. Kwenye menyu kuna Fungua, Funga na Futa. Kila neno linahitaji herufi yake ya kubonyeza, na F ni moja tu. Ukiipa Fungua, Funga utaipa nini? Hakuna herufi iliyomo katika Funga ambayo haimo katika Fungua. Basi fundi anaipa Funga G, anaipa Futa T, halafu anagundua kwamba Toka ilikwisha kuchukua T, anarudi kuihamishia Toka kwenye K. Ni kazi ya kupanga na kupangua, menyu baada ya menyu, na ikifanywa vizuri mtumiaji hahisi kwamba ilifanywa.

Kinachonivutia zaidi ni upatanisho. Mwandishi wa programu huweka alama ya %s mahali ambapo kompyuta itajaza jina la kitu chochote, kisha anaongeza kwamba kitu hicho kimefutwa. Kwa Kiingereza sentensi moja inatosha. Kwetu faili limefutwa, picha imefutwa, kiungo kimefutwa, maandishi yamefutwa. Anayefanya haraka huandika “%s imefutwa” na kusonga mbele, nasi tunasoma “kiungo imefutwa” kwa miaka. Mwenye subira huigeuza sentensi yote: “Kufuta %s kumekamilika.” Sasa upatanisho umeshikwa na kufuta, na jina lolote likija halivurugi chochote. Hiyo ni sarufi tuliyofundishwa darasani, inafanya kazi ndani ya mashine, na mimi naiona ni nzuri kama ubeti uliokaa sawa.

Vifaa si vingi. Maneno ya programu hukaa katika faili la aina ya PO, jepesi kiasi kwamba bando dogo linatosha kulipakua. Unalifungua kwa programu ya Poedit, unafanya kazi bila intaneti, unalirudisha mtandao ukipatikana. Miradi ya programu huria kama GNOME na LibreOffice ina timu za lugha; jitambulishe kwanza, peleka sentensi chache, usubiri mkaguzi. Atakurudishia. Soma alichobadilisha kabla ya kuendelea, kwa sababu hapo ndipo ufundi unapofundishwa. Ukiangusha %s, ukaguzi wa faili utakukamata. Lakini neno lililo refu kuliko kitufe chake hutaligundua mpaka uiwashe programu na kulitazama kwa macho.

LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, na hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi; GNOME ni vivyo hivyo. Kila mara sentensi kadhaa za asili hubadilika, na tafsiri zake za zamani huwekewa alama kwamba zinahitaji kutazamwa upya. Anayeanza aanze na hizo. Sentensi mpya na tafsiri ya aliyemtangulia ziko mbele yake, na anaweza kuona mwenzake alikwepa nini na kwa nini.