Mashua Juu ya Gadi

Mashua haipandishwi pwani siku anayotaka mwenyewe. Inangoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku ambazo bahari ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4. Maji makuu huibeba hadi juu, jirani na mizizi ya minazi, kisha yakapwa na kuiacha hapo. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayafiki tena pale ilipo, na fundi hufanya kazi miguu mikavu. Aliyekosa bamvua hii atangoja nyingine, wiki mbili mbele. Ndiyo maana Tumbe, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa kisiwa, mazungumzo ya matengenezo huanza na mwezi. Ya fedha hufuata.

Majira ni ya malelezi, kusi imeshachoka na kaskazi haijashika. Mashua yenyewe ni ndogo, urefu wake haupiti futi 24, tezi lake limekatwa wima na omo limetangulia mbele kwa mteremko. Farumi imeshatolewa, yale mawe ya kutuliza chombo, ikapangwa mchangani. Mlingoti umeng'olewa. Wanaume wanasukuma kwa mabega, na fundi, mzee mwenye kofia iliyofifia rangi, hasukumi. Yeye amesimama majini hadi magotini ameshika gadi mbili, akitazama tu mkuku, uti wa mgongo wa chombo.

Gadi ni nguzo za kuegemeza chombo, na kuziweka ni kazi inayoonekana ya kitoto mpaka uione ikifanywa vizuri. Kila moja ina kipande cha ubao chini yake isizame mchangani. Mzee anagonga ya kulia mara mbili, anazunguka, anagonga ya kushoto, anarudi nyuma hatua kumi na kufumba jicho moja. Anarudia. Uzito wa chombo lazima ukae juu ya mkuku, na gadi zizuie kuanguka tu. Zikibeba uzito, baada ya siku chache taruma, ubavu wa ndani wa chombo, litapinda na mshono utafunguka mahali ambapo hapakuwa na kasoro. Maji yameshakauka kabisa, wenzake wamekwenda kunywa chai, naye bado anazunguka.

Kukwangua chini ya chombo nitakupitisha haraka, maana ni kazi ya nguvu na harufu. Mwani na magamba huondolewa kwa panga butu, chombo kikaoshwa, kikafunikwa makuti upande wa jua. Kivuli hicho kina sababu yake: mbao zikikauka kwa haraka hupasuka. Baada ya hapo ndipo uchunguzi unapoanza. Mzee anapita ubao kwa ubao akigonga kwa nyundo ndogo, sikio likiwa karibu na mti. Ubao mzima unajibu kwa mlio mkavu. Uliooza unameza mlio. Mahali pa shaka anachomeka ncha ya kisu, anaipindua kidogo, anaitoa na kuitazama kama imetoka na unga au na maji.

Asiyejua angeutafuta uozo chini, kunakokaa majini. Mzee anaanzia juu, ndani, pale vichwa vya mataruma vinapokutana na ukingo. Maji ya chumvi huhifadhi mti. Maji ya mvua ndiyo yanayouozesha, na mvua ya masika hutuama hapo juu. Huku chini adui ni mwingine: mdudu wa bahari tunayemwita funza, ingawa kwa jamaa yake ni chaza. Huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu linalolingana na ncha ya sindano, kisha hukua ndani ya ubao akiufuata uzi wake. Nje ubao unaweza kuonekana safi, ndani umekwisha. Fundi anatafuta yale matundu ya sindano kwa ncha ya kidole, si kwa macho.

Ubao mmoja umepatikana, wa pili kutoka mkuku, upande wa kushoto. Hapa ndipo ninapoanza kumwona fundi wa matengenezo kuwa na kazi ngumu kuliko fundi wa chombo kipya. Anayejenga huamua mwenyewe umbo. Anayetengeneza hupewa umbo lililokwisha kuamuliwa na mtu mwingine, likapindishwa na bahari kwa miaka mingi, na humo hakuna mstari hata mmoja ulionyooka ambao anaweza kuuamini. Hapimi kwa futi kamba peke yake. Anachukua ubao mwembamba wa kupimia, anaubana kwenye pengo, anachora kwa mkaa, anautoa, anautengeneza kwa tezo, anaurudisha. Kila akiurudisha panabaki mwanga kidogo. Anaondoa chembe nyingine.

Mbao zenyewe siku hizi ni taabu. Msitu wa Ngezi hauko mbali, na mivule yake ni mirefu, lakini ni hifadhi, haukatwi. Mbao hununuliwa za bara, au hutafutwa mwembe na mfenesi wa shambani kwa mtu. Mataruma ni habari nyingine, kwa sababu taruma halichongwi kutoka kwenye mti ulionyooka. Hutafutwa tawi lililokwisha kupinda lenyewe, ili uzi wa mti ufuate mpindo na taruma lisikatike. Mikoko hutoa matawi ya namna hiyo, mkomafi hasa. Mzee ana rundo la vipande vilivyopinda nyuma ya banda lake, na ukimwangalia akipita karibu na mti wowote utaona anautazama kwenye viwiko.

Ubao mpya unapashwa moto, unamwagiwa maji, unapinda polepole ukibanwa kwa kamba na kabari. Ukishakaa, kingo zake bado hazikubaliani kikamilifu na za jirani yake. Basi mzee anachukua msumeno mwembamba na kuupitisha katikati ya mbao mbili, pale pale zinapogusana, kuanzia omo kwenda tezi. Meno ya msumeno yanakula kidogo huku na kidogo huku. Palipobana panafunguka, palipokuwa wazi msumeno unapita bila kugusa kitu. Ubao unasukumwa tena. Anapitisha msumeno tena. Ile kasoro ya ubao wa zamani sasa imechongwa kinyume chake kwenye ubao mpya, na mbao mbili ambazo hazina mstari ulionyooka zimelingana. Nilitazama vumbi lake likianguka: nusu jekundu la mti mpya, nusu la kijivu.

Kisha kekee. Mjukuu wake anashika uta, anauvuta mbele na nyuma, kamba inazungusha mti wa kekee, na mzee anaukandamiza kutoka juu kwa kiganja. Tundu linatangulia msumari siku zote. Msumari uliopigwa bila tundu hupasua ubao. Chini ya kichwa cha kila msumari anazungusha uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, mara tatu au nne, halafu anaupiga mpaka kichwa kizame. Kule ndani mjukuu anaikunja ncha juu ya taruma.

"Babu, huu umetoka pembeni."

"Utoe."

Kuutoa kulichukua muda mrefu kuliko kupiga misumari mitano. Tundu likazibwa kwa kijiti kilichochongwa, likatobolewa jingine.

Misumari ni ya juzi katika historia ya pwani hii. Kitabu cha wasafiri wa Kigiriki cha karne ya 1 kinataja kisiwa cha Menuthias, ambacho wengine husema ni Pemba na wengine Unguja, na kinasema watu wake walikuwa na mashua za kushonwa na mitumbwi ya gogo moja. Tumbe yenyewe ilikuwa na wakazi tangu karne ya 7. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta pale mabaki ya kijiji kikubwa cha zama hizo. Mtepe, chombo cha mwisho cha kushonwa katika pwani yetu, ulidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mbao zake zikifungwa kwa kamba ya makumbi. Ule uzi wa pamba chini ya kichwa cha msumari unanifanya niwaze kwamba chuma hakikuaminiwa peke yake hata kilipofika.

Sasa kalafati, kuziba mishono kwa pamba, na hapa ndipo siku zinapokwenda. Mzee anakaa juu ya kigogo chini ya ubavu wa mashua, pamba mapajani. Anaisokota kwa viganja iwe uzi, anaichovya mafuta, anaining'iniza begani. Mkono wa kushoto umeshika chembeu, patasi ile pana isiyo na makali. Wa kulia nyundo ya mti. Anauweka uzi mdomoni mwa mshono, anausukuma kwa chembeu bila kupiga, urefu wa shubiri moja, akiukunja vikunjo vidogo vidogo. Halafu anarudi mwanzo wa shubiri na kuanza kupiga. Pigo la kwanza ni jepesi na mlio wake ni mzito, maana pamba bado ina hewa. La pili linapanda. La tatu chembeu inaruka kidogo mkononi na mlio unakuwa mkali. Hapo anasimama na kusogea. Akizidisha, pamba itazisukuma mbao na kulegeza misumari. Akipunguza, bahari itaitoa.

Kazi hii haina alama ya kuonyesha kwamba imetosha isipokuwa ule mlio. Niliwahi kukaa nimegeuzia kazi mgongo, nikitazama wanawake wakirudi na ndoo za dagaa, na nikagundua kwamba naweza kujua kwa kusikia tu alipofika mshono mpana na alipofika mwembamba. Mjukuu alipopokezwa chembeu, mlio ulibadilika, na mzee, ambaye alikuwa akinywa maji upande wa pili wa chombo, akasema bila kuja kuangalia, "Bado, rudia hapo." Kijana akarudia.

Mishono ikiisha, chombo hujaribiwa kwa kinyume. Badala ya kukiingiza majini, maji hutiwa ndani yake, ndoo kwa ndoo, na fundi anainama chini kutafuta palipotoa jasho. Anapatia alama ya chaki. Palikuwa na mahali pawili, pote karibu na fashini ya tezi, ambako mbao zinapinda kuliko kwingineko. Pamba ikatolewa yote pale na kazi ikaanza upya.

Makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya mbao, moto ukitembea na mshikaji wake hautulii, mpaka unyevu utoke ukifuka na funza aliyesalia afe. Baadaye zinakuja sifa na deheni. Sifa ni mafuta ya ini la papa, na anayesema harufu yake inazoeleka hajalala chini ya upepo wa chombo kilichopakwa jana. Hupakwa juu ya maji, ndani na nje, mti ukanywa mpaka ukawa mweusi. Deheni ni ya chini: shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, ikakandwa ingali vuguvugu. Mzee haipaki kwa brashi. Anaichota na kuisambaza kwa kiganja, akisukuma ndani ya kila mshono, na kiganja kile kile ndicho kinachomwambia kama kuna kichwa cha msumari kilichoinuka. Baada ya miezi michache itakuwa imekwisha, na itapakwa tena. Papa wamepungua na sifa imekuwa ghali, kwa hiyo wengi siku hizi hupaka rangi ya dukani, na wengine, jambo linaloniudhi kusema kweli, mafuta machafu ya injini, ambayo huishia kwenye maji yale yale ya kuvulia.

Tanga limerudi kutoka kwa mshoni na viraka vitatu. Zamani kitambaa kilikuwa marekani, pamba ile iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833; sasa ni kitambaa cha nailoni, chepesi na kisichooza, ingawa jua hukila. Foromali, mti unaobeba tanga, ni miti miwili iliyoungwa kwa kamba, na mahali pa kiungo mzee amefungua kamba yote na kuifunga upya, akikanyaga kila mzunguko kwa kisigino ili ubane.

Bamvua iliyofuata mashua ikashuka. Mara moja ikaanza kuvuja, na hakuna aliyeshtuka: mbao zilizokauka lazima zinywe maji zivimbe ndipo zibane. Mjukuu alikaa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo, na upo akikumba maji usiku na mchana. Siku ya tatu akawa anakumba asubuhi tu.

Nahodha akaijaribu kwa tanga, akaenda joshi, akiukabili upepo, hadi nje ya mwamba, akarudi.

"Fundi, inapanda upepo. Kana nzito, mkono unauma."

Mzee hakujibu mara moja. Aliingia ndani, akainua mawe mawili ya farumi yaliyokuwa mbele ya mlingoti, akayahamishia nyuma, akayalaza kati ya mataruma yasiviringike. Akamwambia azunguke tena. Aliporudi, nahodha alikuwa ameishika kana, mpini wa usukani, kwa vidole viwili, lakini mzee aliingia tena, akalichukua jiwe moja na kulirudisha mbele kwa upana wa taruma moja.